Mapigo ya Moyo ya Mkamwana wa Ikolo

Mnanicheka kwa sababu sijui kuitumia hiyo mashine yenu inayolia pii pii kando ya kitanda. Chekeni tu. Mie nimelaza watu usingizi miaka ishirini na ushei pale Kyela kwa kidole hiki cha shahada na saa ya mkononi, na saa yenyewe ilikuwa inachelewa. Sasa mkubwa wenu ameniomba nije kuzungumza na nyinyi mnaojifunza upasuaji, niwaeleze habari za dawa na mwili wa binadamu. Nimemwambia wazi: vitabu wanavyo, sitawasomea. Nitawapa makosa yangu, maana hayo hayakuchapishwa popote.

Kwetu ni Muheza. Barua ya uhamisho iliponiambia Kyela nilitafuta ramani, na nilipoiona nililia, sioni haya kusema. Nilifika mwezi wa nne, na mvua ya Kyela mwezi wa nne haina adabu. Viatu vyangu vya shule ya uuguzi vilibaki kwenye tope la stendi, nikaingia hospitali peku. Jioni yake nikapewa wali wa huko na samaki wa ziwani, nikafuta machozi, na mpaka leo sijaondoka. Watu wakaniita Kaputi kwa sababu ya nusu kaputi yangu. Wajukuu wangu wanadhani ndilo jina la ukoo.

Haya, dawa.

Nilipoanza, dawa ya usingizi ilikuwa inakuja kwa sanduku la serikali, chupa ile ile, lebo ile ile, mwaka hadi mwaka. Ukipewa unashukuru, ukikosa unangoja. Mkono ulikuwa unajua wenyewe: mtu mzima, sirinji moja imejaa, basi. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya dawa yakaota kila kona, mizigo ikawa inavuka mto Songwe kwa baiskeli, na hospitali ikaruhusiwa kununua pale inapopata. Tukafurahi sana. Chupa za ketamini, ile dawa yetu ya usingizi, zikaja mpya, safi, na kifuniko cha rangi nzuri.

Asubuhi moja nikamlaza mvuvi mmoja wa Matema, mtu wa miraba minne, aliyekuja kushonwa paja. Sirinji moja imejaa, kama kawaida ya mkono wangu. Jamaa akalala. Akashonwa, akafungwa bandeji, akalala. Wenzangu wakaenda kula, wakarudi, jamaa amelala tu, na pumzi zake zimeanza kuja moja moja, kwa hiari yake. Nikakaa kichwani pake nimemwinua taya kwa mikono miwili, nampulizia kwa mfuko kila anaposahau kuvuta, nasali sala zote za utotoni. Ndipo nikaitazama ile chupa vizuri. Ya zamani ilikuwa na miligramu kumi katika kila mililita. Hii mpya ilikuwa na hamsini. Nilikuwa nimempa mtu wa watu usingizi wa siku tano kwa mkupuo!

Alizinduka saa kumi jioni. Akanitazama, akasema ameota yuko chini ya ziwa anacheza bao na kambale, na kambale amemshinda. Nilimcheka. Wanangu, dawa hupimwa kwa miligramu, na miligramu zimeandikwa kwenye chupa kwa herufi ndogo ndogo za kukusudia. Soma kila chupa, hata kama jana ulisoma ndugu yake. Mkono wako usiuamini, mkono hauna macho.

Aliyenipokea siku ile nimeshika taya alikuwa Sista Tupokigwe, na huyo lazima nimweleze, maana bila yeye mie ningekuwa nauza mafuta ya taa Muheza. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, Mnyakyusa wa hapo hapo, mnene, sauti kama ya mwalimu wa kwaya, na alikuwa ameshaujua mkasi na uzi kabla mie sijaota ndevu. Hakunigombeza. Alinisaidia mpaka mgonjwa akaamka, akaninunulia chai, halafu akasema, "Gwe, wewe mtu wa Tanga, kesho utakuja mapema, nikufundishe mwili."

Kesho yake akanitoa nje nyuma ya jengo, akachukua kijiti, akachora majaruba ya mpunga mchangani. La katikati kubwa, na mengine madogo pembeni, yameunganishwa kwa vijia vya maji.

"Maji yamepungua mferejini," akasema. "Mkulima mwenye akili anafanya nini?"

"Anaziba vijia vya pembeni, la katikati lipate kunywa."

"Kumbe unajua! La katikati ni moyo na ubongo. Ya pembeni ni mikono, miguu, ngozi, matumbo. Mtu akivuja damu, mwili unaziba pembeni. Ndiyo maana mikono inapoa kwanza, na moyo unakimbia ili maji machache yaliyobaki yazunguke. Wewe unafunga mpira wa presha, unaona namba nzuri, unasema mgonjwa mzima. Namba hiyo ni ya jaruba la katikati. Pembeni kumeshakauka."

Akaendelea kuniuliza: je, ukimchoma mtu huyo sindano ya ganzi ya uti wa mgongo? Akafuta vizuizi vyote vya chini kwa kijiti mara moja. "Umefungua vijia vyote vya miguuni kwa pamoja. Maji yote yanakwenda chini. Katikati hapabaki kitu. Anakufa huku anakutazama, na wala hasikii maumivu." Sindano ile ni nzuri mno, nimeitumia kwa mamia ya watu, inafaa ngiri, inafaa mguu, inafaa mama wa kujifungua asiyevuja. Lakini kwa aliyepungukiwa damu ni hatari kubwa, na kijana ndiye anayekudanganya zaidi, kwa sababu mwili wake una nguvu za kuziba vijia mpaka dakika ya mwisho. Halafu anaanguka ghafla.

Nikadhani sasa nimehitimu. Bado.

Kuna jambo la Wanyakyusa ambalo sisi wakuja hatukulijua. Kwa desturi yao ya zamani, na koo nyingi wakati ule zilikuwa bado zinaishika sana, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mke wa mtoto wako hapiti mbele yako, hakutazami usoni, jina lako halitaji hata kwa bahati mbaya. Akikusikia unakuja njiani anaingia kwenye migomba. Ikibidi kabisa muwe mahali pamoja, anajifunika nguo kichwa kizima na kugeukia ukutani. Si chuki, ni heshima, na anayeivunja hutozwa faini na wazee.

Mie sijui hili wala lile. Akaletwa mwanamke mmoja wa Ipinda kuondolewa uvimbe mdogo begani, kazi ya nusu saa. Nikamshika mkono: mapigo mia na thelathini! Jasho linamtoka, macho makubwa, kajifunika, hasemi. Nikaahirisha. Nikampima tena kesho yake, yale yale. Nikaandika kwenye karatasi "moyo mgonjwa", nikataka apelekwe Mbeya. Sista Tupokigwe akasoma, akachungulia mlangoni, akarudi anacheka mpaka anajishika kiuno.

"Kaputi, yule mzee aliyekaa kwenye benchi mlangoni, umemuuliza ni nani?"

"Ndugu yake. Anakuja naye kila siku, mtu mwema sana."

"Ni baba mkwe wake! Umewaweka chumba kimoja siku mbili! Moyo usikimbie una nini?"

Mzee akahamishiwa upande wa jikoni. Dakika kumi baadaye nikahesabu: themanini na mbili, na mwanamke anazungumza kama cherehani. Hofu, wanangu, inamwaga dawa yake yenyewe mwilini, hiyo adrenalini mnayoisoma, na kidole chako hakiwezi kujua kama moyo unakimbia kwa hofu au kwa kukosa damu. Nikajifunza, nikajisifu. Ikawa kila mkamwana akija na mapigo ya mbio, naanza kwa kuuliza, "Baba mkwe yuko wapi?" Wauguzi wageni wakawa wananishangaa. Nilijiona mjuzi wa mila kuliko wenye mila, na hapo ndipo nilipokaribia kuua.

Ilikuwa asubuhi, kama saa nne, jua kali baada ya mvua. Akaletwa Subilaga wa Ikolo, binti wa miaka ishirini na kitu, kwenye kitanda cha kamba kilichobebwa na vijana wanne. Kando yake mama mkwe. Mumewe alikuwa Karonga, ng'ambo kule Malawi, kwenye biashara ya vitenge. Na nyuma kabisa, hatua kama hamsini, alikuja mzee mwembamba ameshusha mwavuli mbele ya uso wake, anatazama miguu yake tu. Huyo ndiye Mzee Ambilikile, baba mkwe. Ndiye aliyekusanya hao vijana, akatembea njia yote kutoka Ikolo namna ile, asimwone mkamwana wake wala asionwe. Alipofika akaenda kukaa nje, mbele ya dirisha la chumba chetu cha maandalizi, kaupa ukuta mgongo.

Daktari wetu siku hiyo alikuwa Dakta Lusajo, kijana kama nyinyi, yuko mwaka wake wa kwanza wa kupasua. Akabonyeza tumbo: linauma chini upande wa kulia. Ametapika. Akauliza kuhusu siku zake za mwezi, na mama mkwe akajibu haraka, "Yuko sawa." Tukapokea. Tulimuuliza mama mkwe, wanangu, mwenyewe hatukumuuliza, na ni binti gani atasema habari za mimba mbele ya mama wa mumewe? Lusajo akasema, "Kidole tumbo. Kaputi, mchome ya uti wa mgongo tufanye kazi."

Nikashika mkono. Mia na thelathini na sita. Presha ya mpira, nzuri tu.

"Mapigo yanakimbia," Lusajo akasema, ana wasiwasi.

Mie nikatabasamu. "Daktari, wewe umesoma Dar es Salaam, mila za kwenu umezisahau. Baba mkwe yuko hapo dirishani. Ngoja nimwondoe, utaona yatakavyoshuka."

Nikatoka kwa madaha. Nikamwomba Mzee Ambilikile kwa heshima zote asogee getini. Akainuka, akaelekea huko. Nikarudi ndani, nikavuta dawa ya ganzi kwenye sirinji, nikaiweka tayari kwenye bakuli, nikamwambia Subilaga akae, ainamishe mgongo. Alikuwa mtiifu mno. Ndipo Sista Tupokigwe, aliyekuwa anapanga vyombo, akaacha mkasi uanguke.

"Kaputi. Umeona?"

"Nimeona nini?"

"Mkwe wake amepita dirishani sasa hivi kwenda getini. Binti alikuwa anamtazama. Hajajifunika."

"Si anaumwa, Sista."

"Gwe! Mwanamke wa kwetu hata akiwa na uchungu wa kuzaa hujifunika! Hata mwendawazimu hujifunika! Unasema moyo unakimbia kwa kumwogopa mkwe, woga wenyewe uko wapi? Huyu hana nguvu ya kuogopa. Shika mikono yake. Si kwenye mshipa, shika vidole."

Nikashika. Baridi kama samaki wa kapuni. Nikafunua kope la chini, jeupe. Nikahesabu upya: mia na arobaini na nne, na sasa mshipa ulikuwa uzi tu. Ile sirinji ilikuwa imelala kwenye bakuli, dakika moja tu ilikuwa imebaki iingie mgongoni mwa mtoto wa watu. Niliogopa, wanangu. Nikamlaza chali taratibu, nikaimwaga ile dawa kwenye sinki.

Dakta Lusajo, na hili nitamsifia mpaka kufa, hakubishana. Alichukua sindano ndefu akachoma tumbo, akavuta. Ikaja damu nyeusi. Akaiweka kwenye kichupa, tukaitazama, haigandi. Damu isiyoganda kutoka tumboni ni damu iliyokwisha kumwagika humo ndani. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka.

Akiba ya damu hatukuwa nayo, na kumpima mtoaji kungekula muda ambao Subilaga hakuwa nao. Miaka ile UKIMWI ulikuwa umeshatutia adabu, hukumtundikia mtu damu usiyoipima. Tukaweka dripu mbili, mikono yote miwili, zikimbie. Nikachukua ketamini. Hii ni dawa ya mtu wa namna hii, kwa sababu badala ya kufungua vijia inauhimiza moyo na kuibeba presha. Lakini mtu aliyekwisha choka kabisa hata ketamini inaweza kumwangusha, kwa hiyo nilimpa nusu ya kipimo, polepole, namtazama usoni. Nikasoma lebo mara tatu.

"Pasua," nikamwambia Lusajo.

Tumbo lilipofunguka Sista Tupokigwe alikuwa ameshasimama na upawa wa chuma uliochemshwa. Alikuwa anachota damu tumboni, anaichuja kwa shashi tabaka nane, inaingia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, na chupa inapanda kwenye stendi, inarudi mkononi kwa Subilaga. Damu yake mwenyewe. Fanyeni hivyo ikiwa tu damu ni mbichi na utumbo haujatoboka, ikinuka, mwageni. Lusajo alikuwa ametumbukiza mkono mzima anatafuta mshipa, jasho linamdondoka, na Sista anauliza kila baada ya pumzi, "Ngapi, Kaputi?"

"Mkononi sipati kitu. Shingoni mia na hamsini."

"Ngapi?"

"Mia na hamsini."

"Nimeubana!" Lusajo akapiga kelele.

Chupa ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. "Ngapi?" Mia na thelathini. Katikati ya chupa ya tatu, kidole changu kilichokuwa kwenye kifundo cha mkono kikasikia mdundo mdogo, ukapotea, ukarudi. Nikasema "ndaga" kwa sauti, sijui namshukuru nani. Sista akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa pua. Vidole vya yule binti vikaanza kupata joto kimoja kimoja, mie nimevishika kama mtu anayeposa.

Akashonwa. Sasa ketamini ina tabia yake moja, nayo ni mdomo. Mtu anapozinduka, akili inakuwa bado iko safarini, ulimi umetangulia. Nimetukanwa na mashemasi. Ipo dawa ya kutuliza hilo, lakini mtu dhaifu vile sikutaka kumwongezea chochote. Kwa hiyo tukamrudisha chumba cha maandalizi, karibu na dirisha, mahali penye hewa, tukangoja.

Subilaga akafumbua macho, akatazama dari. Halafu akapaza sauti ambayo sikudhani imo ndani ya kifua kile, kwa Kinyakyusa, nami nawafasiria:

"Ambilikile! We Ambilikile! Ng'ombe wako ameingia tena kwenye mpunga wangu! Kila siku! Nimechoka mie! Mfunge!"

Loo! Mama mkwe aliyekuwa mlangoni akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya kliniki wakageukia dirishani wote. Jina la baba mkwe! Na si kulitaja tu, kulipigia kelele, tena na lawama juu yake! Nikachungulia nje, kumbe mzee hakukaa getini. Alikuwa amerudi kimyakimya, amechuchumaa chini ya lile dirisha, mwavuli umefunguliwa kichwani ingawa pana kivuli.

Sista Tupokigwe akatoka mbio, na mie nyuma yake. Akapiga magoti mbele ya mzee, akapiga makofi taratibu ya kuomba radhi.

"Tata, baba yetu, utusamehe. Si yeye aliyesema. Ni dawa ya huyu Kaputi."

"Ni yangu, mzee," nikasema. "Faini nitozwe mie."

Mzee Ambilikile aliinamisha kichwa, anatazama mchanga. Nikaona machozi yanadondokea kwenye miguu yake yenye tope kavu la Ikolo.

"Ile sauti," akauliza, "ni ya mkamwana wangu kweli?"

"Ni yake, tata."

"Ina nguvu."

"Ina nguvu sana, tata."

Akainuka, akajikung'uta, akaushusha mwavuli mbele ya uso wake na kuanza kwenda zake. Sista akamwita, "Tata, unakwenda wapi? Hujala, hata maji hujanywa!"

"Nakwenda kumfunga ng'ombe," akasema.